Runinga Husema, Lakini Haimjibu Mwanao

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii, na leo nataka tuzungumze kuhusu macho na masikio ya mtoto. Tutaangalia jinsi mtoto anavyojifunza kutazama na kusikiliza, na jinsi runinga, redio na simu zinavyoingia katika mafunzo hayo.

Usiwe na wasiwasi. Sikuja kukwambia uitupe runinga yako wala uizime simu. Najua kuna mama anayeamka saa kumi alfajiri ili awahi zamu kule EPZ Athi River, na akirudi jioni mtoto amechoka na yeye amechoka zaidi. Najua chumba kimoja cha kupanga, jiko upande huu na kitanda upande ule, na mtoto wa mwaka mmoja na nusu anayekimbilia sufuria ya maji moto. Mama akimpa simu yenye katuni, mtoto hutulia na ugali huiva bila mtu kuungua. Hiyo ni sababu ya maana na siidharau. Lakini ni vizuri tujue simu hiyo inatusaidia wapi, na inatudai nini baadaye.

MTOTO HUJIFUNZA KWA ZAMU

Mtoto huanza kusikia kabla hajazaliwa. Katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba huisikia sauti ya mama yake, na akizaliwa huitambua kati ya sauti nyingine. Macho yake nayo hufanya kazi tangu siku ya kwanza, ila hayaoni mbali. Mtoto mchanga huona vizuri zaidi kitu kilicho umbali wa sentimita 20 hadi 30. Hebu pima umbali huo: ni kutoka kwenye titi lako mpaka kwenye uso wako. Anaponyonya, kitu anachokiona vizuri kuliko vingine vyote ni uso wako wewe.

Kisha masomo huanza. Mtoto anatoa sauti, "Aaa." Mama anageuka na kumwambia, "Ehe, umeamka baba?" Mtoto anapiga miguu. Mama anangoja. Mtoto anatoa sauti nyingine na mama anajibu tena. Ukiwatazama utadhani ni mchezo tu, lakini hapo mtoto anafunzwa mambo makubwa. Anafunzwa kwamba sauti ina mwenyewe, kwamba uso una habari, na kwamba kuna wakati wa kusema na wakati wa kungoja. Kila mmoja anapata zamu yake. Huo ndio msingi wa kuongea, na baadaye wa kumsikiliza mwalimu darasani.

Sasa weka runinga mahali pa mama. Runinga husema sana, tena kwa rangi na muziki. Mtoto akitoa sauti, runinga haigeuki. Akicheka, haicheki naye. Akionyesha paka kwa kidole, haimwambii, "Ndiyo, ni paka." Inaendelea na mambo yake. Mtoto amenyimwa zamu.

Jambo hili limechunguzwa. Mwaka 2003, Patricia Kuhl na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, kule Seattle nchini Marekani, walichapisha matokeo ya utafiti wa watoto wa miezi tisa waliotoka nyumba za Kiingereza. Baadhi yao waliketi na watu waliowasomea vitabu na kucheza nao kwa Kichina, vipindi 12. Wengine walipewa Kichina kile kile kupitia runinga, na wengine kupitia sauti iliyorekodiwa tu. Baadaye watoto walipimwa kama wanaweza kutofautisha sauti za Kichina. Wale waliokaa na watu waliweza. Wale wa runinga na wa sauti peke yake hawakujifunza chochote. Lugha ilikuwa ile ile. Kilichokosekana ni mtu wa kuwatazama na kuwajibu.

Kwa hiyo, mama anayesema, "Namwekea katuni za Kiingereza ili ajue Kiingereza mapema," ana nia njema, lakini kwa mtoto mdogo hiyo si njia. Nyanya anayemwongelesha kwa Kimaasai, Kikamba, Kikuyu au lugha yoyote ya nyumbani huku anachambua maharagwe anamfundisha zaidi. Mtoto mwenye lugha moja iliyokomaa hujifunza ya pili kwa urahisi akifika shuleni.

RUNINGA INAYONGURUMA PEMBENI

Labda utaniambia, "Nesi, mwanangu hata haitazami. Iko tu pale kwa kona." Ni kweli nyumba nyingi huwasha runinga au redio asubuhi na kuizima wakati wa kulala, iwe kuna mtu anayeifuatilia au hapana. Inakuwa kama mwenzetu nyumbani.

Mwaka 2009, daktari wa watoto Dimitri Christakis na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti wa watoto 329 wenye umri wa miezi miwili hadi miaka minne. Watoto walivalishwa kifaa kidogo cha kunasa sauti. Ilionekana kwamba kila saa runinga ilipokuwa ikisikika, mtoto alisikia maneno kama 770 pungufu kutoka kwa watu wazima. Mtoto mwenyewe pia alitoa sauti chache zaidi. Sababu ni rahisi. Runinga inaponguruma, sisi watu wazima hunyamaza. Tunatega sikio kule, na yule mdogo aliye magotini anabaki bila wa kuongea naye.

Hapa lazima niseme ukweli hata kama utaniumiza mwenyewe. Redio ni hivyo hivyo. Mimi ninayezungumza nawe sasa siwezi kumjibu mwanao. Namshukuru kila anayetega sikio kusikiliza kipindi hiki, lakini kikiisha, nakuomba upunguze sauti au uzime kwa muda, uongee na mtoto. Redio ina kazi yake ya kukupa habari wewe mtu mzima. Kazi ya kumwongelesha mtoto haiwezi.

USO ULIOINAMA KWENYE SIMU

Tumeongea kuhusu kifaa mkononi mwa mtoto. Sasa tuangalie kifaa mkononi mwa mama.

Miaka ya 1970, kabla simu ya mkononi haijafika kwetu, mtaalamu wa Marekani kwa jina Edward Tronick alifanya jaribio moja ambalo bado linafundishwa. Mama alicheza na mtoto wake kama kawaida. Kisha akaambiwa autulize uso wake kwa muda mfupi tu, amtazame mtoto bila kutabasamu, bila kusema, bila kujibu. Mtoto alijaribu kumrudisha. Alitabasamu, akanyoosha mikono, akapiga kelele. Alipoona hakuna jibu aligeuza uso wake kando, na watoto wengi walianza kulia. Mama alipoanza kumjibu tena, mtoto alitulia polepole.

Fikiria sasa mama ananyonyesha huku akipitisha kidole kwenye simu, ujumbe baada ya ujumbe. Uso uko hapo lakini haujibu. Kuangalia ujumbe wa M-Pesa hakumdhuru mtoto, na katika jaribio lile mtoto alirudi kuwa sawa mama aliporudi. Tatizo ni pale uso unapopotea kila mara na kwa muda mrefu. Tena mama mwenyewe hukosa habari muhimu. Mtoto mwenye njaa hugeuza kichwa kutafuta titi na kuweka mkono mdomoni kabla hajalia. Mtoto mgonjwa hunyonya kwa ulegevu kabla homa haijapanda. Ishara hizo ni ndogo, na hutazifahamu ukiwa umeinamia kioo.

Kwa hiyo jaribu jambo moja: wakati wa kunyonyesha, wakati wa kuogesha na wakati wa kula, simu ikae mbali. Ni nyakati fupi, nazo huja kila siku.

MACHO YANAHITAJI KUTAZAMA MBALI

Wengi wetu hapa Kajiado tumezoea nchi iliyo wazi. Mtoto anayerudi shuleni na kufuata mbuzi jioni hutazama mpaka upeo wa macho, na huwatambua mbuzi wa baba yake wakiwa bado mbali. Lakini Kitengela imejaa ploti na majumba ya ghorofa. Kuna mtoto ambaye kutoka asubuhi hadi usiku kitu cha mbali anachokitazama ni ukuta wa jirani, na cha karibu ni simu iliyo umbali wa kiganja kutoka puani.

Jicho la mtoto bado linakua. Mtoto anayetazama karibu muda mrefu na kukaa ndani siku nzima yuko katika hatari zaidi ya jicho lake kurefuka kupita kiasi. Hapo huona vizuri vya karibu, lakini vya mbali hufifia. Huko Guangzhou, nchini China, watafiti waliongeza dakika 40 za kukaa nje kila siku ya shule kwa watoto wa darasa la kwanza. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Baada ya miaka mitatu, watoto 30 katika kila 100 walikuwa wamepata tatizo hilo la kutoona mbali, ilhali katika shule ambazo hazikuongeza muda walikuwa karibu 40 katika kila 100. Dawa yenyewe ilikuwa mwangaza wa nje, ambao hauuzwi.

Mwanga wa nje ni mkali kuliko wa chumbani hata ukiwa chini ya kivuli cha mti. Mtoto hahitaji kuchomwa na jua la saa saba. Mtoe asubuhi au jioni, kwa usalama, mbali na barabara ya Namanga na bodaboda. Kama mtoto mkubwa anafanya kazi kwenye simu au kompyuta, mwambie kila baada ya dakika 20 atazame kitu cha mbali, apepese macho, kisha aendelee.

Angalia dalili hizi: mtoto anasogea sana karibu na runinga, anafinya macho ili aone, anainamia daftari, analalamika kichwa kinauma, au mwalimu anasema hasomi ubaoni. Watoto wengi huitwa wavivu au wazito wa kuelewa kumbe hawaoni ubao. Mpeleke akapimwe macho kabla hujamchapa.

Si kila jicho jekundu ni la simu. Kajiado ni mojawapo ya kaunti zetu ambako trakoma imesumbua watu miaka mingi, na trakoma husambazwa na uchafu wa macho, nzi na mikono. Kumwosha mtoto uso kwa maji safi kila siku ni kinga kubwa. Na jambo moja la haraka: ukimpiga mtoto picha kwa simu yenye taa na uone mboni ya jicho moja inang'aa nyeupe, au uone weupe huo kwa macho yako, usingoje. Nenda hospitali wiki hiyo hiyo. Inaweza kuwa mtoto wa jicho, au saratani ya jicho ambayo hutibika ikiwahiwa. Hapo simu imekuwa msaada.

MASIKIO HAYANA VIPURI

Ndani kabisa ya sikio kuna chembechembe ndogo sana kama vinyweleo zinazopokea sauti. Kelele kubwa huzichosha, na ikizidi huziua. Zikifa hazioti tena. Ndiyo maana nasema masikio hayana vipuri.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba vijana zaidi ya bilioni moja duniani wako katika hatari ya kupoteza usikivu kwa sababu ya kusikiliza muziki kwa sauti ya juu mno. Hapa kwetu huhitaji kwenda mbali kuwaona. Panda matatu ya kwenda Nairobi yenye spika chini ya kiti, na umhesabu mama aliyempakata mtoto mchanga pale. Au nenda harusini umkute mtoto amelazwa karibu na spika kubwa kwa sababu "amelala fofofo".

Huna kipimo cha sauti nyumbani, lakini una njia hii: ukilazimika kupaza sauti ili mtu aliye urefu wa mkono wako akusikie, mahali hapo pana kelele zinazoweza kudhuru. Mwondoe mtoto. Katika matatu, mwombe kondakta kwa heshima apunguze, au ukae mbali na spika. Kijana anayeweka vipokea sauti masikioni asizidishe sauti kupita kidogo ya nusu, na avitoe mara kwa mara ili masikio yapumzike. Kama wewe uliyeketi kando yake unausikia wimbo, kwake umezidi. Na mtoto mdogo asiwekewe vitu hivyo kabisa.

Adui mwingine wa masikio hana uhusiano na muziki. Ni usaha. Sikio linalotoa usaha si jambo la kawaida la utoto na halitapona kwa kutiwa mafuta, maziwa au maji ya majani. Likiachwa, mtoto hupungukiwa na usikivu polepole. Mlete kliniki mapema. Shirika la Afya Duniani limesema kwamba katika watoto waliopoteza usikivu, 60 katika kila 100 wangeweza kukingwa.

USIILAUMU SIMU UKASAHAU KUPIMA

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nichague mada hii.

Mara nyingi kliniki huletwa mtoto wa miaka miwili na nusu au mitatu ambaye hasemi. Akiitwa hageuki. Nyumbani kila mtu ana maelezo yake. Jirani anasema, "Ni hizo katuni, mpokonye simu atasema." Shangazi anasema, "Wavulana huchelewa, hata babake alichelewa." Mwingine anasema ni ulimi mfupi. Miezi inapita, na hakuna aliyemwuliza daktari kama masikio ya mtoto huyo yanasikia.

Ni kweli kwamba mtoto aliyelelewa na kioo muda mrefu anaweza kuchelewa kuongea, na wengi husonga mbele watu wanapoanza kuongea naye. Lakini pia kuna mtoto asiyesikia. Mtoto kama huyo huipenda sana simu kwa sababu picha haihitaji masikio. Ukiilaumu simu peke yake, utampokonya simu na bado hatasikia. Kuna mwenye usonji pia, naye anahitaji msaada wa mapema. Usonji hauletwi na ulegevu wa mama, kwa hiyo usikubali mtu akulaumu.

Miaka mitatu ya kwanza haingojei. Mtoto asiyesikia akigunduliwa mapema anaweza kupata kifaa cha kumsaidia kusikia au kufundishwa Lugha ya Ishara ya Kenya, yeye na familia yake, akakua na lugha kamili. Akigunduliwa akiwa na miaka saba, amekaa miaka saba bila lugha yoyote. Hiyo ndiyo hasara ninayoiogopa.

Kwa hiyo mlete mtoto ukiona haya:

Akiwa na miezi 6, hashtuki wala hageukii sauti.

Akiwa na mwaka mmoja, hasemi "bababa" wala "mamama", na haitikii jina lake.

Akiwa na mwaka mmoja na nusu, haonyeshi kitu kwa kidole na hana hata neno moja.

Akiwa na miaka miwili, hajaunganisha maneno mawili kama "mama kuja" au "taka maji".

Akiwa na umri wowote, ameacha maneno aliyokuwa akiyasema.

Unaweza kumjaribu nyumbani. Simama nyuma yake ambapo hakuoni, tikisa kopo lenye maharagwe, kisha mwite kwa sauti ya chini. Asipogeuka mara kadhaa, njoo. Na hata akigeuka, ukiwa bado na shaka, njoo. Jaribio la nyumbani halichukui nafasi ya kipimo cha hospitali.

Anza kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, au umwone mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji au mtaa wako. Beba kile kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto. Utatumwa hospitali ya Kitengela au hospitali ya rufaa ya Kajiado ikihitajika. Pia kuna vituo vya EARC vya kupima watoto wenye mahitaji maalum, ambavyo vimekuwepo nchini tangu mwaka 1984. Uliza afisi ya elimu ikuelekeze.

TUFANYE NINI NYUMBANI?

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya runinga wala simu kabisa. Wa mwaka mmoja, vile vile haishauriwi. Kuanzia miaka miwili hadi minne, isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni vizuri zaidi.

Kama sasa mwanao anatazama saa nne, usianze vita. Punguza nusu saa wiki hii, nusu saa wiki ijayo. Atalia siku mbili tatu, kisha atatafuta mchezo mwingine. Na haya yanaweza kukusaidia:

Wakati wa kupika, mkalishe mtoto mbali na moto, mahali unapomwona, na umpe sufuria tupu, mwiko wa mbao na vifuniko. Mweleze unachofanya: "Sasa nakata sukuma. Sasa naosha nyanya." Huhitaji muda wa ziada. Ni mdomo tu unaofanya kazi pamoja na mikono.

Ukimwuliza swali, hesabu kimoyomoyo mpaka tano kabla hujamjibia. Mtoto hufikiri polepole. Mpe zamu yake.

Ukimwacha kwa yaya au kwa mama anayelea watoto mtaani, usiulize tu, "Amekula?" Uliza pia, "Leo mmeimba nini? Mmecheza nini?" Yaya akijua swali hilo litaulizwa kila jioni, runinga itazimwa mara nyingi zaidi.

Runinga na simu zizimwe saa moja kabla ya kulala. Hapo ndipo pa vitendawili, hadithi za sungura na fisi, na nyimbo za nyanya.

Ukimruhusu mtoto wa miaka mitatu kutazama, keti naye hata dakika kumi. Mwulize, "Huyo ni nani? Anaenda wapi?" Ukimjibu wewe, ile zamu iliyopotea inarudi.

MASWALI KUTOKA KWENU

Nyanya mmoja wa Isinya anauliza: "Binti yangu anafanya kazi Saudi Arabia, na mimi ndiye ninayelea mtoto wake wa mwaka mmoja na miezi minane. Yeye hupiga simu ya video kila Ijumaa. Nikatae?"

La, nyanya, usikatae. Simu ya video ni tofauti na katuni kwa sababu mama anamwona mtoto na kumjibu. Mtoto akicheka, mama anacheka. Kaa karibu, msaidie mtoto kumwonyesha mama kiatu chake kipya, mtajie jina la mama. Hiyo ni zamu ya kweli, ingawa bahari iko katikati.

Mama wa Kitengela anauliza: "Wangu wa darasa la tatu anasomea kwa simu. Nayo ni mbaya?"

Mtoto mkubwa anaweza kujifunza kwa kifaa, hasa akiwa na mtu wa kumwuliza. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya Covid-19, masomo yalirushwa na KICD kwa redio na runinga, na yaliwafaa zaidi waliokuwa na mtu mzima wa kuketi nao. Muhimu ni awe na mwanga wa kutosha, asome kwa muda unaojulikana, atoke nje kucheza, na alale bila simu kitandani.

Baba wa Kajiado mjini anauliza: "Hii kazi ya kuongea na mtoto si ni ya mama?"

Baba, sauti yako ni tofauti, na mtoto anaihitaji pia. Ukirudi nyumbani, mwite jina, mguse kichwa kama ilivyo desturi yetu Wamaasai, ungoje akusalimie. Kisha mwulize alichokiona leo. Atakachokijibu kitakuwa kifupi, pengine "mbuzi" tu. Msikilize mpaka amalize.

Msikilizaji mpendwa, muda wetu umefika mwisho. Kama kuna mtoto nyumbani au kwa jirani ambaye haitikii akiitwa, usisubiri kipindi kijacho. Mlete kliniki Jumatatu asubuhi, na usione haya kuniambia simu anaitumia saa ngapi. Sitakugombeza. Nataka tu tumpime masikio, tumtazame macho, na tukutume nyumbani ukijua la kufanya.

Sasa punguza redio, umgeukie huyo aliye karibu nawe. Mimi nawatakia afya njema. Kwaherini.